Bibi zetu wapewe nafasi yao katika vichekesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze fikra zangu juu ya jambo ambalo limezoeleka mno, kiasi kwamba hakuna tena anayeliuliza. Nakusudia vichekesho ambavyo ndani yake mwanamme hujifunga kanga, akajijaza mito kifuani na nyuma, akajitwika mtandio na miwani, kisha akaibana sauti na kutembea kwa kuchechemea ili tumcheke kwa kuwa ni bibi kizee. Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanavirikodi kwa simu na kuvirusha mitandaoni, na wengi wao wamekulia mbele ya filamu za Wamarekani weusi zenye mtindo huohuo, ambazo tumekuwa tukizitazama majumbani tangu zama za kanda. Sisemi kwamba havichekeshi. Ninachouliza ni kwa nini bibi mwenyewe hayumo.

Mfano ulio wazi kabisa ni filamu ya Big Momma's House ya mwaka 2000, ambayo Martin Lawrence anacheza kama mpelelezi wa FBI anayejigeuza bibi mnene wa jimbo la Georgia ili amsubiri mjukuu wa bibi huyo, anayehisiwa kuhusika na wizi wa benki. Wengi wanaoikumbuka filamu ile wamesahau kwamba bibi wa kweli yumo ndani yake, na amechezwa na mwanamke, Ella Mitchell. Mapema katika hadithi bibi huyo anasafiri, nyumba inabaki tupu, na mwanamme anaingia: anavaa nguo zake, anapika jikoni kwake, anapokea wageni wake, na hata anaitwa kwenda kuzalisha, kwa kuwa bibi yule ni mkunga. Hapo ndipo kicheko kinaponikwama. Ujuzi ambao mwanamke aliuchuma kwa umri wake wote unageuzwa kuwa mahangaiko ya mwanamme asiyejua ashike wapi, na sisi tuliozaliwa mikononi mwa wakunga wa jadi tunakaa tunacheka. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani kote, ikafuatiwa na nyengine mbili, mwaka 2006 na 2011.

Miaka minne kabla yake, Eddie Murphy alicheza karibu familia nzima ya akina Klump katika filamu ya The Nutty Professor, mama na bibi wakiwemo, na Rick Baker pamoja na mwenzake wakapata tuzo ya Oscar kwa kazi ya kumgeuza sura. Rick Baker huyohuyo, akishirikiana na Stan Winston, ndiye aliyemzeesha Cicely Tyson mwaka 1974 katika filamu ya televisheni ya The Autobiography of Miss Jane Pittman. Tyson alikuwa na umri wa miaka 49, na alicheza mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi mpaka miaka 110 hivi, ambaye mwishoni anakwenda peke yake, kwa hatua za kizee, hadi kwenye bomba la maji lililotengwa kwa wazungu na kunywa. Kazi ya mpira, gundi na rangi juu ya ngozi ni ileile. Lakini katika uso wa Tyson kila mkunjo ulibeba maisha ya mtu, na katika mwili wa Murphy yale mafuta ya bandia yanabeba kicheko peke yake.

Huko Marekani jambo hili lina historia chungu. Katika karne ya 19 wanaume wa kizungu walikuwa wakijipaka weusi usoni na kupanda jukwaani kuwaigiza watu weusi, wanawake wakiwemo, na sinema ilipokuja ikarithi kutoka huko umbo la mwanamke mweusi mtu mzima: mnene, mkali, mtumishi wa nyumba za watu. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kucheza mtumishi wa aina hiyo, na usiku wenyewe wa tuzo alikalishwa kwenye meza iliyotengwa na wenzake wazungu. Kwa hiyo mwanamme mweusi anapolivaa umbo lile, halivai likiwa jipya. Mchekeshaji Dave Chappelle alimweleza mtangazaji Oprah Winfrey mwaka 2006 namna alivyokataa kuvalishwa gauni kazini, na mwaka 2009 mwongozaji wa filamu Spike Lee alizilaumu hadharani kazi za Tyler Perry, mwandishi na mwigizaji anayejivika mwenyewe mavazi ya bibi mkali aitwaye Madea. Nawaheshimu wote wawili. Hata hivyo, Chappelle alikuwa akitetea hadhi ya mwanamme anayevalishwa gauni, na Spike Lee alikuwa akitetea taswira ya watu weusi kwa jumla. Mwenye gauni lake hakuulizwa na yeyote kati yao.

Nikimtaja Tyler Perry ni lazima nimtendee haki. Madea wake alipanda jukwaani mwaka 1999 na kuingia sinema mwaka 2005, na mwenyewe amesema kwamba alimjenga kutokana na mama yake mzazi na wanawake wengine wa ukoo wake. Madea huwakemea waume wanaopiga wake zao na huwapokea nyumbani kwake watu waliofukuzwa kwao, na katika filamu za mwanzo Perry alimpa nafasi Cicely Tyson, kisha na mshairi Maya Angelou. Hilo ni jema. Lakini mtazamaji aangalie maneno ya kuchekesha yamebaki kwa nani. Wanawake wale wamepewa hekima na nasaha; ukali, utundu na ucheshi wote uko kwa mwanamme mwenye wigi, kana kwamba mwanamke mtu mzima akishaheshimiwa hana tena ruhusa ya kuchekesha.

Mbona huko huko kwao alikuwepo Jackie Mabley, aliyejulikana kwa jina la Moms, aliyefariki mwaka 1975? Huyu alianza kujivika uzee akiwa bado mwanamke kijana, kwa gauni la nyumbani na kofia iliyolegea, na baadaye akasimama jukwaani bila meno. Alichekesha katika ukumbi wa Apollo kule Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, na mwaka 1962 akafika ukumbi mashuhuri wa Carnegie Hall, akiwasema wanaume wazee waliomchosha na ubaguzi uliowaonea watu wake. Chini ya vazi lile la bibi aliweza kusema maneno ambayo mwanamke kijana mweusi wa zama zile asingeachiwa kuyasema.

Kwetu hapa jambo hili halihitaji kufundishwa, maana bibi ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu na wa kike mke mwenzangu, akamgombeza mbele za wageni kwamba amemnyang'anya bwana, na baraza nzima ikavunjika mbavu. Utani ule una ufundi wake: bibi anajua amchokoze nani, anyamaze wapi, na aliseme wakati gani neno ambalo mama wa mtoto hawezi kulisema. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, aliwashika watu wa kila lugha kwa ngoma, sauti na mzaha akiwa mkongwe kabisa, na alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 haikumpitikia mtu kwamba ingetosha mwanamme ajifunge kanga na kumuigiza.

Sasa mtazame bibi wa vichekesho vya simu. Mara nyingi ni kiziwi asiyesikia anachoambiwa, au mwenye tamaa ya vijana, au mchawi. Hili la uchawi linanitia uchungu zaidi kuliko mengine yote. Huko bara, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni yakafanywa ushahidi. Kijana anayejipaka wekundu machoni ili tumcheke bibi mchawi hakusudii ubaya huo, naamini, lakini anacheza na kitu ambacho watu wamekifia.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaonikumbusha hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayowalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake. Hilo wanalo masheikh na wao ndio wa kulifafanua. Wako watakaosema kwamba mwanamke wa Kizanzibari mwenye umri hawezi kutoka mbele za watu, nao nitawataja Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufika Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani za santuri, wakati ambapo maneno ya watu yalikuwa makali kuliko leo. Na kuhusu hoja kwamba wazee hawawezi kukariri maneno marefu, nimesimamia maigizo ya skuli kwa miaka mingi na nimewaona vijana wa miaka 17 wakisahau mistari mitatu. Katika maigizo hayo bibi alikuwa mvulana kila mara, na wasichana waliomjua bibi vizuri zaidi, kwa kuwa walilala naye na kumchotea maji, walikaa pembeni wakipiga makofi.

Siombi Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lipige marufuku kitu. Naomba televisheni yetu ya taifa itenge kipindi cha vichekesho kinachochezwa na wanawake watu wazima wenyewe, na waandaaji wa ZIFF, tamasha letu la filamu, wawatafute wanawake hao na kuwaalika Ngome Kongwe kama wanavyowaalika wanamuziki. Na kwa nyinyi vijana wenye simu na vipaji, ombi langu ni dogo: kabla ya kujifunga kanga, nendeni kwa bibi mmoja wa mtaani kwenu, muulizeni yeye angependa kusema nini, na mkikubaliana mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha. Ikiwa yeye au watu wake hawataki uso uonekane, rikodini sauti yake, na kijana aliyekuwa avae mito acheze mjukuu anayegombezwa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba