Kwa mpwa wangu mpiga besi, kuhusu wale watu 31

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, mguu umepata nafuu, na anauliza kwa nini ulikuja Unguja ukalala hotelini na wenzako wakati kitanda chako kipo. Hilo mtalimaliza wenyewe. Mie nna langu.

Nimesoma ulivyoandika kwamba bendi yenu ya roki ilivuka bahari kutoka Dar kuja ukumbini kwetu kupigia viti, na kwamba mji uliomzaa Freddie Mercury hauna watu wa roki. Umesema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu. Jina lako tu nalisitiri, na hilo ni kwa hisani ya mama yako.

Kwanza hesabu. Walikuwa watu 31. Nyuma ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, mtu ana muda wa kuhesabu vichwa. Saba hawakulipa: wanne wanafunzi wa muziki ambao huwa tunawaachia mlango, watatu jamaa zake mwenye ukumbi. Waliobaki 24 walitoa elfu kumi kumi. Tukagawa pesa za mlango sabini kwa thelathini kama mlivyokubaliana, mkaondoka na 168,000, na boti ikaila karibu yote. Hapo una haki ya kuumia. Kuumia kwako kwingine ndiko sikukuelewa.

Uliandika kuwa walikaa tu. Wewe mtoto wa Michenzani! Umekulia kwenye mji wa taarab, ambao kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905 na cha Culture Musical Club tangu 1958. Lini ulimwona mtu wa hapa akarukaruka mbele ya muziki anaousikia mara ya kwanza? Mtu wa hapa hukaa. Huegemea kiti, akakunja mikono, akasikiliza, na jambo likimgusa ndipo huinuka. Wale 31 walikuwa wanakusikiliza, nawe ulikuwa unawahesabu.

Na mmoja aliinuka. Wimbo wa nne, ule wa polepole unaoanza kwa besi peke yake. Bi mkubwa aliyekaa karibu na tao la kushoto alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaja kwa mwendo wake hadi jukwaani, mkono juu, noti ya elfu tano mkononi. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mwimbaji wenu akaipokea, akaitazama, akamrejeshea, tena akasema kwenye maiki, "Hapana, mama, asante, tumeshalipwa." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha haya. Bi mkubwa akarudi kitini na noti yake. Wimbo uliofuata haukuisha akawa ameshaondoka, na watatu aliokuja nao wakamfuata.

Mwimbaji wenu katoka Ujerumani, hajui kutunza ni nini, kwamba mtu akiguswa na wimbo humtuza mwimbaji kwa noti, simlaumu. Wewe unajua. Ulikuwa hatua mbili kutoka kwake ukitazama vidole vyako.

Sasa la sauti, maana hapa ndipo mie kama fundi mitambo nilipata tabu. Ule ukumbi ni nyumba ya Mji Mkongwe kama nyingine: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima hadi kwenye kiwiko na zaidi, na dari ya boriti za mikoko. Unajua kwa nini vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba? Boriti ndiyo iliyopima upana. Mkoko haukupi mti wa kuvukia ukumbi mpana. Pale kwetu wamiliki wa zamani walifungua matao mawili kwenye ukuta wa kati, vyumba viwili vikawa kimoja. Mtu akipiga tasa la drams, sauti inagonga ukuta huu, inarudi ule, inarudi tena. Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu 2004, juu ni mbingu. Ukipiga kwa nguvu sauti inapaa na kwenda zake. Kwetu haina pa kwenda.

Mkapiga kama mko Ngome Kongwe. Mpiga drams alipiga kwa bega. Mpiga gita akainua amplifaya ajisikie. Nawe ukanikonyeza, ukainua yako mara tatu, nimehesabu. Mwimbaji akawa hasikiki, nikamwongeza, maiki ikaanza kupiga mluzi, nikampunguza, akanitolea macho. Ndio mchezo tuliocheza usiku kucha. Dawa yake si mikisa ya bei. Ni jamvi chini ya drams, zulia nyuma yake, amplifaya ya gita iinuliwe iangalie sikio la mwenyewe badala ya magoti yake, na mpiga drams akubali kwamba chumba chenyewe ni spika. Nilitaka kuwaambia haya wakati wa kujaribu vyombo, lakini mlishuka kwenye boti ya jioni, mkawa mnaunganisha drams mpaka Magharibi ikaingia, nikazima kila kitu kwa adhana kama tufanyavyo siku zote, na kabla ya Isha mlikuwa na dakika ishirini tu. Dakika ishirini zenyewe mkazitumia kurekodi video.

Angalau nyinyi mliuliza umeme. Mwaka juzi ilikuja bendi moja kutoka Marekani na amplifaya ya volti 120. Hawakuuliza, wakachomeka kwenye 230 yetu. Tulisikia harufu kabla ya kusikia gita. Mie umeme nauheshimu tangu ule wakati waya wa baharini ulipoharibika, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikawa kinaishi kwa jenereta na mishumaa. Ndiyo maana unaniona natembea na fyuzi mfukoni kama mwengine anavyotembea na tasbihi.

Halafu hili la Freddie. Wenzako walitaka picha Shangani, wakapigwa, sawa. Lakini usimtumie kutudai. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa hapa mwaka 1946, bendi yake ya kwanza aliipiga skuli Panchgani, India, na familia yake ikaondoka Unguja baada ya Mapinduzi, 1964. Bendi yake ya Queen ilianza Uingereza 1970 na haijapiga hapa hata usiku mmoja. Roki hakutuachia yeye. Kama unataka mtu wa kumdai, wadai waliokuwa karibu: Dar palikuwa na bendi ya Sunburst, waliorekodi albamu yao mwaka 1976, na Zambia walikuwa na bendi ya WITCH. Hao walipiga magita ya umeme mbele ya watu wa lugha zetu. Wewe bendi yako ni ya mji uleule wa Sunburst na sikukusikia ukiwataja hata kwa bahati mbaya.

Beatles, ambao unawajua kuliko unavyowajua shangazi zako, walipiga klabu ya Cavern kule Liverpool karibu mara 300. Cavern ni nini? Chumba cha chini ya ardhi chini ya ghala, matao matatu ya matofali, jasho likitiririka ukutani. Mara 300! Nyinyi mmepiga kwetu mara moja, ukaandika hukumu.

Kwa hiyo tusemezane kama watu wazima. Mgawo wa mlango peke yake haufai kwa bendi inayovuka bahari. Nimeshamwambia mwenye ukumbi, naye amekubali kutoa kiasi cha kianzio, chakula cha usiku, na malazi kwa wenzako watatu (wewe kwenu unapajua). Lakini mje kwa usiku mbili, si mmoja. Nauli ni ileile, na mji huu habari zake hazitembei kwa mabango. Ukipiga Alhamisi, Ijumaa asubuhi pale Jaws Corner watu wanakunywa kahawa na kukujadili, na Jumamosi wanakuja kuona kama ni kweli. Usije masika, usije Ramadhani. Shukeni kwenye boti ya asubuhi, tuwe tumemaliza kujaribu vyombo kabla ya Magharibi. Na jua kwamba ukumbi mtupu unadanganya: watu wakiingia, miili yao inameza sauti, kwa hiyo usiogope ikiwa kali kidogo mchana.

Waya wako mwekundu umeusahau, ninao. Nyuzi ulizobadilisha na kuziacha juu ya spika zimeshashika kutu, upepo huu wa chumvi unazila kwa wiki. Leta seti mbili.

Na yule bi mkubwa mwenye noti. Ni jirani, ukuta wetu ndio ukuta wake. Miaka yote hii hajawahi kulalamika kelele, ila besi tu, kwa sababu vikombe vyake vya kabatini vinalia. Usiku ule alivaa akaja kumtazama anayevitikisa. Ukifika, kabla hujashusha hata begi moja, nenda kwake baada ya Alasiri na mwimbaji wako. Ni mlango wa pili, wa mbao, kitasa kimevunjika, gonga kwa mkono. Msimpelekee pesa. Mpelekeeni mkate wa kumimina, maana meno hana mengi.

Mjomba wako