Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nitasema juu ya neno lililotugombanisha mwaka mzima: kujitolea.

Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii kama sisi, tukapewa mkoba wenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto na mizani. Tukaahidiwa pia marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kabla ya hapo kaya zetu 100 tulizizungukia kwa viatu vyetu wenyewe. Wapo waliodhani sasa tumeajiriwa. Hatujaajiriwa. Lakini anayejitolea ametoa muda wake; nauli hakusema ataitoa.

Februari shirika moja lilituita tuhesabu neti. Siku tatu juani, akina mama wakipanda bodaboda kwa deni. Nauli ilikuja baada ya miezi minne, imekatwa, bila maelezo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba matokeo hatujayaona hadi leo. Kuna mzee alinionyesha neti yake ameifunika vifaranga. Kila tukikutana ananiuliza, "Mlihesabu, ikawaje?" Namwamkia tu, napita.

Na sisi si malaika. Siku ya chanjo tulipeleka zahanati majina kumi na mawili ya wahudumu wa kusaidia, wakafika watano. Muuguzi alinipigia saa mbili asubuhi, foleni iko mlangoni, mimi sina la kumwambia. Waliokwenda shamba walikuwa na haki ya kwenda. Kunyamaza ndiko kulikotuaibisha.

Kwa hiyo kamati imeandika karatasi moja. Anayetutaka aandike: kazi gani, siku ngapi, nauli nani atatoa na lini, mtu akiumia njiani nani atamtibu, matokeo tutaletewa lini. Sisi tunatia sahihi kwamba asiyeweza kufika atasema jana yake, na ya kaya za watu hatutayapeleka kisimani.

Shirika la kwanza tulilolipelekea halijajibu. La pili lilisaini siku hiyo hiyo, likaongeza mstari wake: takwimu za kwenye simu azijaze mhudumu mwenyewe, si mwanawe wa darasa la saba. Wanakamati tulicheka sana, kisha tukaacha kutazamana.

Nakala ziko kwa katibu. Zisomeni kabla ya kupiga kura mchana.