Rangi pekee haitoi jina la likeni

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja kuhusu picha mliyoichapa karibuni, ya mwamba uliotapakaa madoa ya manjano. Maelezo yake yalisema kwamba madoa yote ni Xanthoria parietina. Nashukuru kuwa hamkuyaita ukoga, kwani likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mwili mmoja, lakini jina la spishi mmelitoa mapema mno.

Xanthoria ina vipande bapa mithili ya vijani, ambavyo kingo zake huinuka ukizichokonoa kwa ncha ya kisu, ilhali likeni nyingine za manjano, kama Candelariella vitellina na Caloplaca nyingi, ni magamba yaliyoshikamana kabisa na jiwe. Tofauti hiyo haionekani katika picha iliyopigwa kwa mbali. Tena rangi yenyewe ni kigeugeu, maana Xanthoria iliyomea kivulini hupoteza manjano yake ikawa ya kijivu-kijani.

Ndiyo maana wataalamu hutumia kemikali, njia aliyoianzisha mwanabotania William Nylander mwaka 1866. Tone la myeyusho wa potasiamu hidroksidi, ambao lazima uepushwe na ngozi na macho, likiangukia Xanthoria ya manjano au Caloplaca ya rangi hiyo, kwa kawaida doa hugeuka zambarau papo hapo kwa sababu ya parietini, kemikali ya rangi iliyomo. Candelariella hubaki ilivyo, au huwa nyekundu kwa mbali tu. Hapo Candelariella imeachana na hizo mbili, lakini spishi bado. Kwa hadubini, mfuko wa spora wa Candelariella vitellina huwa na spora 12 au zaidi, wakati likeni nyingi zina 8.

Za kijivu ndizo zinazotesa hasa. Tephromela atra na Lecanora gangaleoides zote zina visahani vyeusi (sehemu zinazotoa spora) vyenye ukingo wa kijivu, nami nilizichanganya kwa muda mrefu hadi nilipokata kisahani kwa wembe na kukitazama kwa lenzi: ndani ya Tephromela mna zambarau iliyokolea, ambayo mwenzake hana.

Ombi langu ni kwamba, pasipo kipimo, mwandike tu “likeni ya manjano”, kisha mtaje aina ya mwamba, kwani Candelariella vitellina hupendelea mawe yasiyo na chokaa, na taarifa hiyo ingemfaa msomaji kuliko jina la kubahatisha.

Msomaji wenu