Kabla ya mafuta kurudi Lokichar, tulipwe madeni ya zamani

Mhariri,

Nimenyamaza tangu 2020, lakini taarifa yenu kuhusu Lokichar imenikera. Mmeandika kwamba wafanyabiashara wa hapa tunangoja kwa hamu mafuta yarudi, kwa kuwa kampuni ya Gulf Energy imenunua mali ya Tullow, kampuni iliyogundua mafuta hapa. Mwandishi wenu aliongea na nani? Angepita hotelini kwangu ningemfungulia daftari.

Kabla ya Rais Kibaki kutangaza mafuta ya kisima cha Ngamia-1 Machi 2012, nilikuwa nauzia madereva wa Lodwar chai na maandazi. Kisha wageni wakajaa, lojing zikajengwa, kodi za vyumba zikapanda. Nami nikaongeza meza, nikaajiri wasichana.

Halafu akaja mkandarasi mdogo, aliyepewa kazi na mkandarasi mwingine, akataka nimlishie vibarua: chai asubuhi, wali na nyama ya mbuzi mchana. Kila Jumamosi msimamizi wake alitia sahihi kwenye daftari langu. Mwanzoni alilipa vizuri. Baadaye kila nikiuliza, naambiwa invoisi iko Nairobi. Niliendelea kupika kwa sababu wale vibarua ni watoto wa hapa, na siwezi kumnyima mtoto wa jirani chakula kwa kosa la bosi wake. Mbuzi nilikuwa nachukua kwa wafugaji kwa mkopo. Kazi iliposimama 2020, nilifika nikakuta kontena la ofisi limebebwa usiku. Mkandarasi wa juu akasema ameshamlipa yule mdogo. Yule mdogo hashiki simu. Deni langu ni shilingi 186,000. Mfugaji hana habari na invoisi, anamjua mama aliyechukua mbuzi wake! Ikabidi niuze mbuzi wangu mwenyewe, wale niliowaweka kwa karo ya watoto, ndipo nikaweza kupita sokoni bila aibu.

Na vijana je? Mwana wa dada yangu ana cheti cha kuchomelea vyuma. Alipewa bendera asimamishe magari kwenye vumbi, na baada ya miezi mitatu bendera ikapewa mwingine. Vyuma vilichomelewa na watu walioletwa kwa basi. Wakazi walipozuia malori ya mafuta 2018 wakidai usalama na kazi, kuna waliowaita wachochezi.

Sasa kila baraza linazungumzia asilimia 5 ya jamii, ule mgao wa mapato ya mafuta ulio katika Sheria ya Petroli ya 2019. Hiyo ni haki yetu na tutaidai. Lakini hayo ni mapato yajayo. Mimi nadai chakula kilichokwisha kuliwa.

Kwa hivyo, kabla ya lori la kwanza kuwashwa, orodha ya wakandarasi wote wa zamani, wakubwa kwa wadogo, ibandikwe ofisini kwa chifu. Wenye madaftari yaliyotiwa sahihi tupewe siku thelathini kuyaleta, afisa wa leba akiwepo. Anayedaiwa asipewe kazi mpya hadi atume pesa kwa M-Pesa na mwenye deni akiri amepokea. Na mkandarasi mgeni aweke benki, hapo Lodwar, mishahara na chakula cha miezi miwili kabla ya kushusha kontena lake.

Mwandishi wenu akirudi, aanzie kwa chifu aulize kama orodha hiyo ipo.

Mwenye hoteli,
Lokichar, Turkana Kusini