Mwanangu, utabaki dakhalia

Wete, Pemba

Mwanangu Salim,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini jana kakaa barazani mpaka magharibi akiwasemesha wapita njia, kwa hiyo usimhofie. Barua yako ya kuomba utoke dakhalia, bweni la skuli, uhamie kwa ami yako, nimeipata, nikaisoma, nikampa babaako. Alipomaliza akanirudishia na neno moja tu: "Mjibu." Basi nakujibu. Kwa ami yako Mwanakwerekwe huhami. Utabaki dakhalia.

Usinune kwanza. Ami yako ni mtu mwema na mkewe hana choyo, wangekupokea vizuri. Lakini nyumba ile ina watoto wengi na duka barazani, na kijana wa kidato cha tano mwenye nguvu zake hakai bure kwenye nyumba kama ile. Utatumwa unga, utawekwa dukani mpaka isha, utawapeleka wadogo chuoni na kuwafuata. Kukataa huwezi, kwa kuwa unakula kwao. Halafu mtihani ukiharibika, mimi na shemeji yangu tutaanza kutazamana kwa pembe za macho. Hapo ulipo, kengele ya prepo ikilia unafungua daftari na hakuna wa kukuita.

Sasa mashitaka yako. Maji: unasema ukiamka alfajiri mfereji umeshakauka. Nyinyi mko wanane chumbani na kila mmoja ana ndoo yake, anaificha chini ya kitanda kama mtu aficha mahari. Changeni mnunue pipa moja la chumba, mlijaze usiku maji yanapotoka, kwa zamu. Asiyejaza zamu yake asitie kopo. Mimi nilipokuwa dakhalia hapa Pemba tulikuwa tukiteka kisimani, na hakuna mwalimu aliyetupangia zamu hizo. Alitupangia msichana mmoja wa Mkoani, mfupi, mkali, hata wa madarasa ya juu wakimwogopa. Nilipopata homa yeye ndiye aliyenitekea, na nilipopona akanidai zamu zangu zote nikazilipa.

Chakula sikijibu. Maharage ni maharage. Ukoko gombanieni wenyewe.

Yule kijana wa Kojani wa kitanda cha juu, asomaye kwa sauti mpaka usiku: ukurasa mzima umemsema, lakini sikuona mstari hata mmoja unaosema kuwa ulikaa naye ukamwambia. Na chini kidogo, kwenye barua hiyohiyo, unaandika kuwa yeye ndiye aliyekufahamisha zile hesabu zilizokushinda. Nadhani alikufahamisha kwa sauti hiyohiyo. Mwambie saa nne ikifika asome kimoyomoyo au atoke ukumbini. Akikataa, ndiyo umwendee kiranja.

La sabuni na ndara kuibiwa sitalifanyia mzaha. Hukumtaja mtu, lakini mimi mamaako nakujua, naona kalamu yako imeelekea kwa yule mtoto asiyeletewa kitu kutoka kwao. Kila dakhalia asiyeletewa kitu ndiye wa kwanza kutuhumiwa, na mara nyingi siye. Nunua kufuli la tranka, andika jina lako kwenye ndara kwa rangi isiyofutika, na mdomo wako uufunge mpaka uone kwa macho yako. Nikisikia umemwita mtoto wa watu mwizi kwa dhana, tutakosana.

Nikueleze kitu ambacho sijakuhadithia, maana ulikuwa ukicheka kila nikianza. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku, ulipoingia Pemba, mitaani watu walitoa mikeka wakalala nje, majirani wote pamoja, moto umewashwa. Sisi dakhalia kutoka nje hatukuruhusiwa. Tukavuta magodoro yote tukayapanga ukumbini, mstari mmoja, chemli moja huku na moja kule. Watoto wa wenye maduka Chake, watoto wa wakulima wa Makangale, wa darasa la juu na wageni waliokuja juzi. Hakuna aliyetaka kulala pembeni, ikawa kila usiku ni ugomvi, mpaka yule wa Mkoani akaleta karatasi akapanga na zamu ya pembeni pia. Mimi Popobawa sikumwona, na sidhani kama yuko aliyemwona. Waliokuwa wakipiga mayowe usiku walikuwa wamekanyagwa na mwenzao anayekwenda chooni.

Lakini ule ndio mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Wewe hukuyaona. Baadaye huku kwetu watu wazima walifika mahali hawaendi madukani mwa wenzao, harusini hawaendi, hata kuzikana hawazikani, kwa ajili ya vyama. Ukumbini mwetu walikuwamo watoto wa huku na wa huku. Tulijuana, maana watoto husikia yote. Wala hatukufanya mkutano wa kupatana. Tulikuwa tumeshalala godoro kwa godoro, tumeshapigania kopo moja, na aliyekuwa na zamu ya kisima alikuwa na zamu ya kisima. Babu yako alipofariki, yule wa Mkoani alikuja na mumewe na watoto, akaingia jikoni akapika siku zote za matanga, na mzee wake na mzee wangu hawakuwa wakisalimiana. Huyo ndiye mama unayemwita khalati. Si ndugu yangu wa tumbo, ulikuwa hujui.

Kuhusu kuja nyumbani kila likizo fupi, hapana pia. Nauli ni moja. La pili ni upepo wa kusi. Tangu usiku ule wa Septemba 2011, ilipozama Spice Islander I ikija Pemba, hakuna mama wa huku anayepata usingizi mtoto wake akiwa baharini. Likizo kubwa utakuja, inshallah, mchana, na hali ya bahari uiulize kabla hujakata tiketi.

Jambo moja tu linaweza kukutoa hapo. Wakubwa wakikupiga, au mtu yeyote, mwanafunzi au mtu mzima, akikutaka mambo ya aibu, usingoje barua. Omba simu ya mwalimu wa dakhalia unipigie siku hiyohiyo. Na kama huyo mtu ndiye mwalimu, toka, nenda kwa ami yako, mengine niachie mimi.

Alhamisi anakuja Unguja mjomba wako, atakuletea mzigo. Mna halua ya hapa Wete, visheti, karanga na miche ya sabuni. Halua ikatwe chumbani mbele ya wote wanane, si usiku chini ya shuka. Ndani ya mfuko wa nailoni mna kofia ya viua niliyoimaliza wiki hii. Mpelekee ami yako Ijumaa, kuna mtu wa Darajani anaingoja. Usiivae, hata kwa sala ya Ijumaa. Nakujua. Ikiingia jasho haiuziki, na hiyo ndiyo nauli yako ya likizo kubwa.

Mama yako