Wapiganaji wa Kagera si mapambo ya kampeni

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ya ile habari ya kanali mstaafu aliyetangaza nia ya kugombea ubunge huku kwetu. Kwenye picha yenu kuna wazee wamevaa medali. Wa tatu kutoka kushoto ni mimi. Mmeandika chini yake kwamba wapiganaji wa Vita vya Kagera wanamuunga mkono. Nani alituuliza?

Sina kinyongo na mwanajeshi kuingia siasa. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kuwa mwanachama wa chama akiwa bado jeshini, lakini akishavua gwanda ni raia kama mwingine. Jakaya Kikwete alistaafu jeshi mwaka 1992 akiwa luteni kanali, akachagua siasa, akafika Ikulu. Hilo halina ubaya.

Ubaya ni yaliyotupata Jumamosi ile. Vijana wake walipita nyumba kwa nyumba hapa Gongo la Mboto wakituomba tufike saa nne asubuhi na medali zetu, tuna mazungumzo na mheshimiwa. Tukafika. Mheshimiwa akaja saa saba na nusu. Muda wote huo tumepangwa mstari mbele ya turubai, juani, kwa sababu viti vya kivulini vilikuwa vya wageni. Pembeni yangu alisimama rafiki yangu ambaye ana kipande cha bomu pajani tangu Masaka, kule Uganda, mwaka 1979. Aliegemea bega langu mpaka nikahisi jasho lake limepenya shati langu. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari aliyoikunja mara nne, ameandika maswali matatu kwa mwandiko wake wa taratibu. Kanali akashuka garini, akatushika mikono, akageukia kamera, akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Maneno ya Mwalimu ya Novemba 1978! Sisi tuliyasikia redioni tukiwa vijana, tukaenda. Wenzetu wengine wamelala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, kule Kagera, mpaka leo. Yeye aliyasema kuombea kura. Maswali hakupokea, msaidizi wake ndiye aliyechukua ile karatasi. Watu walipotawanyika niliiokota chini ya kiti, ina alama ya duara ya chupa ya soda.

Na hapo ndipo wazee tunapochoka. Julai 25 tunaitwa mashujaa, lakini ukienda kuhakikiwa ili pensheni isisimame, unaambiwa alama za vidole hazisomeki, rudi Jumatatu. Mimi nimerudishwa mara tatu. Vidole hivi vimelishika jembe tangu nilipoacha bunduki, vitasomekaje? Kijana wa dirishani hakuinua hata uso.

Tena mwandishi wenu amesifia kwamba kanali atapeleka "nidhamu ya jeshi" bungeni. Nimekuwa koplo, najua nidhamu ya jeshi ni nini: ukiambiwa lala chini unalala, maswali baadaye. Ibara ya 63 inasema Bunge ndilo lenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Huwezi kumsimamia mtu kwa kumpigia saluti. Mbunge tunayemtaka ni wa kusimama na kumuuliza waziri fedha imekwenda wapi, na asikae mpaka ajibiwe. Cheo hakimfundishi mtu hilo wala hakimzuii, lakini ninyi mmekiandika kana kwamba kimemaliza kazi yote ya kuombea kura.

Ninaomba hivi. Kabla hamjaandika tena cheo chake, mwandishi wenu aende naye siku moja ya uhakiki, wakae kwenye benchi na wastaafu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka namba ya mwisho iitwe. Halafu amsomee yale maswali matatu, na majibu yachapwe yote, neno kwa neno, ukubwa uleule wa ile picha.

Karatasi ninayo, nimeianika ikakauka na maandishi yanasomeka. Mwandishi akija aulize nyumba ya koplo, watoto wa mtaani watamleta.

Koplo mstaafu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam