Msitupe Chapa Zenu Mbovu: Barua kwa Wanaojifunza Ualimu wa Sanaa

Wanangu,

Juzi nilikuja kutazama maonyesho yenu ya mwisho wa muhula. Nilizunguka ukuta mzima na miwani yangu, sikuona chapa hata moja, yaani picha iliyochapwa kutoka bamba lililopakwa wino, iliyochafuka. Kingo zimenyooka, weusi umekolea, namba zimeandikwa kwa penseli pale chini, 1/10, 2/10, kama inavyotakiwa. Niliwapongeza, na pongezi zile zilitoka moyoni. Kisha nikaingia karakana kunawa mikono, nikakuta pipa la taka limefurika chapa zilizoharibika. Mzee kuinamia pipa si jambo la heshima, lakini niliinama. Humo ndimo mlimotupa masomo yenu.

Anayejifunza kuchapa ili awe msanii, akishapata chapa nzuri kazi yake imekwisha. Yenu itakuwa ndiyo kwanza inaanza. Mtasimama mbele ya watoto arobaini, kila mmoja ameshika karatasi iliyoharibika kwa namna yake, na wote wana swali moja: mbona yangu imetoka hivi?

Mimi swali hilo lilinikuta mikono mitupu. Nilifundishwa na fundi hodari aliyekuwa akituchanganyia wino mwenyewe na kuutandaza kwenye kioo mwenyewe. Sisi tulibakiwa na kupitisha rola tu. Chapa zangu zikawa safi, nikajiona nimeiva. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nikakamua wino bila kipimo, nikachapa mbele ya darasa, nikabandua karatasi kwa mbwembwe. Doa jeusi. Mistari yote niliyoichonga usiku kucha imezibwa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini. Nikajibu, "Wino huu mbovu." Wino ulikuwa mzima kabisa. Nikarudia, likatoka doa jingine, na yule yule mtoto akamnong'oneza jirani yake kwa sauti iliyonifikia: "Labda ameweka mwingi."

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua hivyo siku nyingi baadaye, nilipojifungia na kuharibu makusudi. Nilianza na wino kidogo sana, nikaongeza tone kwa tone, nikachapa kila hatua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wino husikika kabla haujaonekana. Rola ikipita kwenye kioo na kutoa mlio mzito wa kunata, kama miguu inayong'oka topeni, wino umezidi, na ukiutazama kwa upande utaona uso wake una vinundu kama ganda la chungwa. Ukiwa wa kiasi unatoa mlio mwembamba, sssss, na uso unang'aa kama kitambaa cha hariri. Rola ikipita kimya, wino ni mchache au umeshaanza kukauka. Wino wa maji katika chumba chenye joto haukusubiri. Wakati unahangaika kunyoosha karatasi, wenyewe umeshashika kwenye bamba. Wa mafuta unakupa nafasi, ila usafi wake ni kazi: futeni kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo mtumie sabuni. Watoto nawafundisha kufumba macho wasikilize rola. Wanacheka, lakini hawasahau.

Kuchonga nako kuna mambo yake. Lino, hii tunayoichonga, ilitengenezwa iwe ya kutandika sakafuni. Mwingereza Frederick Walton alipata hataza yake mwaka 1863. Ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa kizibo, yakapakwa juu ya kitambaa cha gunia. Kwa kuwa asili yake ni mafuta, ikipoa inakuwa ngumu, na ikizeeka inakatika vipande vipande mbele ya patasi. Iwekeni juani kidogo, au ikalieni mkiwa mnachora, italegea. Mtoto anayelalamika kwamba lino yake ngumu si mvivu. Ishikeni kwanza kabla hamjamkemea.

Na patasi butu ndiyo inayokata vidole, si ile kali. Iliyo butu inalazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, kisha inateleza. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali wakati wote, na bamba liegemezwe kwenye kigingi cha ubao kilichokwama ukingoni mwa meza. Hili sitalisema kwa upole. Anayeona ni jambo dogo asipewe darasa. Wadogo kabisa hawahitaji makali hata kidogo: kipande cha plastiki laini ya povu na penseli vinatosha, au boksi lililobandikwa majani na uzi, likapakwa vanishi ili lisinywe wino.

Sasa nirudi kwenye pipa. Miongoni mwa nilivyookota kuna chapa moja ya lino, njiwa amechongwa vizuri kweli, na chini yake neno. Mwenye kazi alichonga AMANI. Likatoka INAMA, na N yake imegeuka. Nilicheka peke yangu pale karakana mpaka mlinzi akachungulia.

Tazameni lakini lile kosa lilivyo na akili. Herufi A, M na I ukizigeuza zinabaki vile vile, kwa hiyo mchongaji alipozikagua mojamoja hakuona tatizo. Ni N peke yake iliyomsaliti, pamoja na mpangilio wa neno zima. Mimi nimewaambia wanafunzi mara ngapi sijui kwamba chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, wakatikisa vichwa, wakaenda kuchonga majina yao kinyume. Karatasi ile moja ingewafundisha kuliko mdomo wangu. Mpe mtoto aisome, mpe kioo, muulize kwa nini herufi tatu zimepona na moja imeumia. Ataijua siri mwenyewe, kisha atachukua karatasi yake ya kunakilia na kuigeuza kabla hajagusa patasi.

Wakubwa wa kazi hii hawakuona haya kuacha nyayo za njiani. Mchoraji Mholanzi Rembrandt alichora bamba la misalaba mitatu mwaka 1653, akachapa, baadaye akalirudia, akafuta watu na kuwachora wengine, akafunika sehemu kubwa kwa giza. Chapa za hatua zile zimebaki, ndiyo maana leo tunamwona akibadili mawazo.

Najua mnafundishwa pia njia nyingine za kuchapa: bamba la shaba na asidi, jiwe la litografia, na fremu ya hariri. Jifunzeni zote. Asidi msiipeleke kwa watoto. Jiwe hamtalipata shuleni, lakini siri yake, aliyoigundua Mjerumani Senefelder mwaka 1796, kwamba mafuta na maji havipatani, mtaitumia kuelezea mambo mengi. Ila msitawanyike. Chapa maarufu ya wimbi ya Mjapani Hokusai, ya mwaka 1831 hivi, ilichorwa na mmoja, ikachongwa na mwingine na kuchapwa na mwingine tena. Darasani ninyi ndio wote watatu, na mfagiaji juu yake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kila chapa iliyoharibika, ikikauka, igeuzeni na mwandike nyuma kwa penseli kilichotokea: wino mwingi, karatasi nene mno, mgongo wa mwiko wa kusugulia karatasi haukufika pembeni, karatasi ilisogea wakati wa kubandua. Kama hamjui sababu, andikeni "sijui", na mwache nafasi ya kujaza siku mtakapojua. Jalada la namna hiyo, lenye karatasi thelathini, nalitaka zaidi ya ukuta ule mzima.

Zile nilizookota nimezinyoosha chini ya vitabu, ziko kwangu. Mwenye njiwa anajijua. Aje azichukue, na aje na penseli.

Mwalimu wenu mstaafu